Karatasi Niliyowaandikia Wageni wa Guangzhou

Mado alibisha hodi nyumbani kwangu Magomeni Jumamosi moja ya mwezi uliopita, bila simu wala kumtanguliza mtu. Alikuja Dar kwenye harusi ya mpwa wake, akaulizauliza Kariakoo mpaka akampata mtu anayenijua. Nilipofungua mlango niliona mama mnene wa makamo aliyevaa kitenge cha maua makubwa, na sikumtambua hata kidogo mpaka alipofungua kinywa. "Zai! Ni miye, Mado wa gorofa ya tisa!" Hapo nilimkumbatia palepale mlangoni. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Pilau niliyompakulia ilipoa sahanini, kwa sababu kila tukitaka kula mmoja wetu alikumbuka jambo, na kila jambo lilituishia kwa Bi Tatu wa Tanga na siku ile tuliyomtafuta huku tukihema. Binti yangu, aliyekuwa akitumiminia chai, alisimama na birika mkononi. "Mama," akasema, "si uliniambia China ulikwenda kupika?" Nilikwenda kupika kweli. Lakini mwaka ule ulinifundisha kitu ambacho jiko peke yake lisingenifundisha, na kwa kuwa Mado amesharudi kwao Lubumbashi na nyumba imenyamaza, acha nikiandike kabla sijaanza kukisahau.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na karne ilikuwa imebakiza kama miaka miwili kuisha. Bi Nuru, mama wa Kizanzibari aliyekuwa akipokea wafanyabiashara kutoka kwetu, alinichukua Guangzhou kwa ajili ya jiko lake. Fleti ilikuwa Sanyuanli, ghorofa ya tisa ya jengo lisilo na lifti, na kila mgeni alipofika juu kwa mara ya kwanza alikaa kwenye marobota yaliyojaa ushorobani, akashika kifua na kuapa kwamba hatoki tena mpaka siku ya safari. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kushuka. Vyumba vilikuwa vinne. Kimoja cha Bi Nuru, ambamo nami nililala kwenye godoro la chini. Viwili vya wageni, wanawake wa Dar, Unguja na Tanga waliokuja kwa wiki mbili tatu kununua nguo, mapazia na vyombo. Na cha mwisho, karibu na choo, alikipanga Mado, ambaye alinunua viatu na jinzi za kupeleka Kongo, akaongea Kifaransa kwenye simu na Kiswahili cha kwao nasi. Uwanja wa ndege wakati ule ulikuwa bado ndani ya mji, karibu yetu, na ndege zilipita juu ya paa kwa kishindo cha kuzima maongezi. Tulizoea. Mtu alisimamisha sentensi yake katikati, akainua kidole, ndege ikapita, akaendelea palepale alipoishia.

Jiko lilikuwa jembamba kama kabati, na ukutani palikuwa na tundu la kupitishia sahani kwenda sebuleni. Elimu yangu yote ya mwaka ule niliipata kwanza kupitia tundu hilo. Nilikuna nazi kwa mbuzi niliyotoka nayo Dar, nikapika wali, nikapika samaki wa mtoni ambaye mwanzoni sikumwamini kwa harufu yake ya tope, mpaka nilipojua kumlaza kwenye ndimu na tangawizi, nikapika na majani yao yenye mashina ya kukatika kinywani ambayo wageni waliyaita mchicha wa huku. Jumapili Mado alishika mwiko, tukala bukari, ndivyo wanavyouita ugali kwao, kwa unga wa mahindi ambao aliutafuta nusu ya mji. Na huku wakila, wale wanawake walisimuliana siku yao ilivyokwenda, nami nikisugua sufuria polepole ili maji yasinizuie kusikia.

"Leo nimemwambia tai gui le, ghali mno, kanipungia mkono kama anafukuza kuku," alisema mmoja.

"Umesema mapema," alijibu mwenzake. "Kwanza shika kitu kingine usichokitaka, kiulizeulize. Kile ulichokitamani usikitazame hata kidogo."

"Na robota mlilifungua kwa chini?" Bi Nuru aliuliza kutoka kichwani mwa meza. "Robota haliaminiwi kwa juu. Juu wanaweka uso, chini wanaweka siri."

Niliyaandika yote hayo nyuma ya daftari langu la mapishi. Anayekwenda Guangyuan Xilu, kwenye majumba ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni, avae viatu vya chini na atembee upande wa ukutani, maana wachukuzi wakija na marobota yao hawasimami kwa ajili ya mtu. Aende mapema, kwa sababu muuzaji wa Kichina ni kama wa kwetu, hapendi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Kila mwenye duka amwite laoban, yaani bosi, hata akiwa ni binti anakula tambi zake. Jina hilo hupunguza bei kuliko machozi. Akiambiwa mei you, hakuna, mara ya kwanza ajue mtu amechoka tu kuinuka. Mara ya pili ndiyo hakuna kweli. Akikabidhiwa kikokotoo aandike bei yake, aandike bei ya kutia aibu, kisha apande taratibu. Na asitoke nyumbani bila kadi yenye anwani kwa Kichina, hata kama anakwenda kununua chumvi.

Lakini katika kila kundi la wageni hakukosekana mmoja aliyetaka kuuona mji, na kwa ajili yake niliongeza ukurasa wa pili. Niliandika kuhusu msikiti wa kale wenye mnara mrefu wa mviringo. Niliandika kuhusu kanisa kubwa la mawe alikokwenda Mado kusali, na kisiwa cha Shamian chenye miti mikubwa na majumba ya Wazungu wa zamani. Niliandika kuhusu bustani ya Yuexiu yenye sanamu ya mbuzi watano, na kaburi lililo upande wa pili wa bustani hiyo, katikati ya mianzi, la mmoja wa Waislamu wa mwanzo kufika China kama wasimuliavyo wenyeji. Niliandika njia, malango, kushoto na kulia, dakika ngapi kwa miguu. Niliandika kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa pale. Ukweli ni kwamba mpaka siku hiyo nilikuwa nimefika sokoni, dukani kwa muuza nazi, na jengo la Tianxiu nilikopeleka chakula kwa wakala wetu wa mizigo. Basi. Hayo mengine yote niliyasikia tunduni, mengine nusunusu, ndege ikipita.

Bi Nuru aliisoma, akapendezwa, akaenda Tianxiu kuitoa nakala. Kwa muda wa miezi miwili karatasi yangu ilienea kuliko mimi mwenyewe. Wanawake waliopanga fleti nyingine walipanda ghorofa zote tisa kuja kuiomba. Vijana wa Kikongo wa Tianxiu waliisoma kwa sauti na kucheka pale penye kikokotoo. Nikaanza kuitwa Mwalimu. Leo nikijikumbuka nikiwa na kilemba changu na mikono yenye harufu ya vitunguu, nikimweleza mama wa miaka hamsini namna ya kufika mahali nisipopajua, nashindwa kuamua kama nicheke au nifiche uso. Kusifiwa kwa usichokijua kuna utamu wake. Kila siku nilijiambia kesho nitasema, na kila siku sifa zilipoongezeka ulimi ulizidi kuwa mzito.

Ndipo akaja Bi Tatu. Alikuwa mkunga mstaafu wa Tanga, mwanamke mfupi aliyepita miaka sitini, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Baada ya kustaafu alianza kupamba kumbi za harusi, na alikuja na wenzake wawili kununua vitambaa. Kwa siku kumi aliwashinda wenzake wote kwa kupatana bei, kisha siku moja mchana akaingia jikoni, akageuza ndoo, akaikalia, akavuta ungo wa mchele na kuanza kuchambua bila kuombwa.

"Mwanangu," akasema, "nikirudi Tanga wataniuliza China ikoje. Niwajibu ina mapazia?"

"Ina mengi, Bi Tatu."

"Ndiyo nimeona kwenye karatasi yako." Aliitoa kwenye mkoba wake, imekunjwa vizuri mara nne. "Huyu mzee wa watu aliyezikwa huku mbali nataka nikamzuru kabla sijaondoka. Hebu niambie, kuna ngazi? Maana goti langu hili la kushoto halitaki utani."

Nilikuwa nakatakata nyanya. Nakumbuka sikuinua hata macho. "Hakuna ngazi, Bi Tatu. Ni tambarare mwanzo mpaka mwisho."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya safari yao ndege ilikuwa ya jioni, na ilibidi watoke nyumbani saa kumi. Asubuhi niliporudi kutoka sokoni Bi Tatu alikuwa amekwisha kutoka. Alimwachia Mado salamu kwamba anakwenda ziyara na adhuhuri atakuwa amerudi. Adhuhuri ikafika. Wenzake wakala, wakafunga mabegi. Sahani ya Bi Tatu nikaifunika kwa sahani nyingine. Ilipopita saa saba Bi Nuru aliacha kukunja nguo, akaja kusimama kwenye mlango wa jiko.

"Zaituni, huko kupo vipi? Mtu hukawia wapi?"

Niliweka mwiko chini. "Sijui, Bi Nuru. Sijawahi kufika."

"Hujafika kaburini?"

"Sijafika."

"Na wapi pengine hujafika?"

"Kote," nikasema.

Hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angenipigia. Alinitazama mpaka ndege iliyokuwa ikipita juu yetu ikamaliza kishindo chake. Kisha akachukua nakala moja ya karatasi kutoka juu ya friji, akanipa. "Basi kamtafute kwa hiyo hiyo. Ufuate kila ulichoandika, uone umempeleka wapi mtu mzima mwenye goti bovu." Machozi yalikuwa yamenifika, lakini Mado alishavaa viatu. "Tuende, Zai," akasema, akinivuta mkono. "Kulia utalia kesho."

Teksi ilitushusha kwenye lango la Yuexiu, nami nikaanza kuisoma karatasi yangu kama mgeni. Mstari wa kwanza ulisema: ingia, nenda moja kwa moja mpaka kwa mbuzi watano. Hakuna mahali pa kwenda moja kwa moja. Bustani ni kilima, na kilima kina ngazi za mawe, na ngazi zikiisha zinaanza nyingine. Tulipanda huku Mado akihesabu kwa Kifaransa, na kila hatua niliisikia kwenye goti lisilo langu. Mbuzi walikuwepo kweli, wa mawe, mmoja mkubwa ameinua kichwa mbinguni kama amesikia jina lake, na hata katika hofu ile nilijikuta nimesimama kuwatazama. Nilikuwa nimewaandika wakubwa kama mbuzi wa kawaida, na kumbe huyo mmoja tu ni mrefu kama nyumba. Mado alinisukuma. Mstari wa pili: toka lango la nyuma, pinda kushoto, dakika tano. Tukapinda kushoto, tukatembea dakika tano, kumi, na badala ya mianzi tukajikuta kwenye vichochoro vya makazi ya watu, nguo zimeanikwa juu ya vichwa kwenye fito, ndege wa kufugwa wanaimba vizimbani, wazee wanacheza karata za mifupa kwenye meza ndogo. Kaburi halikuwepo. Wala Bi Tatu.

Hapo nilijua umaskini wa Kichina changu. Nilijua kusema ghali, punguza, rangi gani, saizi gani, bosi, hakuna. Sikujua kusema nimempoteza mtu. Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa, nikakusanya maneno niliyokuwa nayo.

"Laoban!" nikasema. "Mama... mei you!"

Bosi, mama hakuna. Yule mama alinitazama kwa huruma, akanipa chungwa. Mado alinisogeza pembeni. Alijikunja mpaka akawa mfupi, akabeba mkoba wa kubuni, akaanza kutembea huku akiuburuta mguu wa kushoto na kuamrisha watu kwa kidole. Ilikuwa ni Bi Tatu mtupu. Muuza machungwa alipiga kofi, akacheka mpaka kiti chake kikayumba, akanyoosha mkono kuelekea mwisho wa kichochoro. Tukaenda. Kwenye kona Mado akatembea tena vilevile, na mzee wa karata akanyoosha mkono bila hata kuulizwa. Watoto wawili waliokuwa wakiruka kamba wakamwiga Mado aliyekuwa akimwiga Bi Tatu, wakatutangulia. Tulifika kwenye mlango uliokuwa wazi, na kabla sijaona chochote nikasikia sauti iliyonitoa jasho la shukrani.

"Msimfungefunge namna hiyo, mtoto anataka pumzi!"

Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mianzi katikati ya chumba, kanga yake begani, na mtoto mchanga amelala kifudifudi juu ya mkono wake, mikono na miguu inaning'inia kama chui juu ya tawi. Kando yake alisimama mama kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na wanawake wengine watatu, na bibi mmoja mwembamba aliyekuwa akimenya mayai yaliyopakwa rangi nyekundu na kumtilia Bi Tatu kinywani kama anamlisha mfalme. Baadaye nilijua kwamba mtoto akitimiza mwezi mmoja kwao hupikwa mayai mekundu, jamaa wakaja kumtazama, na sisi tuliingia siku hiyohiyo. Wakati ule nilichoona ni kwamba yu hai, na anakula.

"Bi Tatu!" nikasema. "Tumekutafuta! Ndege..."

"Taratibu, utamwamsha." Alisogeza kidogo mkono wenye mtoto. "Kwani nani kakwambia nimepotea? Nilikaa hapo kizingitini kupumzisha goti, nikasikia kilio. Kilio cha tumbo hicho, hakina Kichina wala Kidigo. Nikanawa mikono mbele yao wanione, nikampokea, nikamgeuza. Alitoa upepo huyu bwana, hata yule babu wa nje kaacha mchezo wake kuja kutazama." Kisha akanikazia macho. "Zaituni. Ngazi zako za tambarare nimezipanda."

Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya watu nisiowajua. "Nilikudanganya, Bi Tatu. Sijawahi kufika. Hapa wala popote. Nisamehe."

"Ninajua. Nilijua tangu siku ile unakatakata nyanya." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Nimezalisha miaka thelathini na mitano, mwanangu. Ninamjua anayesukuma na anayejifanya anasukuma. Nilijiambia nitakwenda hivyohivyo, Mungu atanionyesha njia. Akanionyesha mayai." Wale wanawake walicheka kwa sababu yeye alicheka. "Haya, inuka. Sasa unipeleke."

"Mama, ndege!" Mado alilia. "Saa munane na nusu sasa!"

"Ndege ni ya jioni. Na huyu Zaituni akirudi leo bila kufika, hatafika tena."

Alimrudishia mama kijana mtoto wake, akamwonyesha mara tatu namna ya kumlaza mkononi. Yule bibi mwembamba alielewa kuliko sisi. Mado alipochora kuba hewani kwa mikono miwili, mimi nikaweka viganja usoni kama mtu anayeomba dua, aliitika kwa kichwa, akafunga mayai kwenye kitambaa, akamshika Bi Tatu mkono na kutoka naye. Walitangulia mbele yetu, mmoja akisema Kikantoni, mmoja Kiswahili cha Tanga, wakipokezana kama mashoga wa kisima kimoja, na nijuavyo mimi walikubaliana kila jambo. Tulirudi mpaka lango la nyuma, tukapinda kulia. Ilikuwa kulia. Tulivuka barabara kubwa yenye kelele, tukaingia lango dogo, na kelele zikabaki nje kama viatu vilivyovuliwa.

Kulikuwa na mianzi pande zote mbili na njia ya mawe yenye ukungu wa kijani. Kaburi lenyewe lilikuwa ndani ya chumba kidogo chenye kuba, na Bi Tatu alipoanza kusoma Fatiha kwa sauti ya chini, kuta zilimrudishia kila neno, taratibu, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine anayesoma naye nyuma kidogo. Alisimama. Akajaribu tena. Zikamrudishia tena. Nilimwona anavyofuta uso kwa ncha ya kanga. Hakuna aliyewahi kusema tunduni kwamba kuta zile zinaitika. Nilisoma nami, sauti yangu ikanijia masikioni kutoka juu, na nilijisikia mdogo, na nilijisikia vizuri. Mado alibaki nje na kitambaa kichwani, kwenye benchi la mawe, yeye na yule bibi wakimenya mayai kimya. Aliniambia mwezi uliopita kwamba pale alisali Baba Yetu mara mbili, moja kwa ajili ya yule marehemu na moja kwa ajili ya foleni ya kwenda uwanjani.

Foleni haikuwepo. Teksi ilipofika Sanyuanli tulimkuta Bi Nuru amesimama chini ya jengo na wenzake Bi Tatu, na mabegi yote yameshashushwa ghorofa tisa. Bi Tatu alimkumbatia, akampa yai jekundu, akanipa na mimi moja. "Usiache kuandika," akaniambia kutoka dirishani mwa gari. "Ila vaa viatu kwanza." Alifika ndegeni salama. Tulijua kwa sababu jioni ile ndege ilipopita juu ya paa, Bi Nuru mwenyewe aliinua kidole na kusema, "Huyo."

Kesho yake alinipa neno moja tu. "Zikusanye." Ilinichukua wiki mbili. Nilipanda fleti za watu Sanyuanli, nikapita ofisi kwa ofisi Tianxiu, na kila mlango ilinibidi niseme kwa mdomo wangu kwamba mahali nilipoandika sikuwahi kufika. Wengine walicheka. Mama mmoja wa Unguja alinisema mpaka masikio yakawaka. Mfanyabiashara mmoja wa Kikongo alikataa katakata kurudisha ukurasa wa masoko. "Ule wa bustani chukua, ma chérie," akasema, "lakini wa kikokotoo ni wangu." Tukaichana karatasi katikati, kila mtu na ukurasa wake.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko yote katika ujana wangu. Kila siku niliyopata nafasi baada ya chakula cha mchana, mimi na Mado tulikwenda. Tulikwenda kwenye kanisa lake la mawe, nikajua kwamba mtaa wa mbele yake unauza samaki wakavu na midoli, kwa hiyo anayetoka kusali anatoka na uvumba puani na kukutana na harufu ya dagaa. Tulikwenda Shamian tukakaa chini ya miti tukitazama maharusi wa Kichina wakipigwa picha, Mado akitoa maksi kwa kila gauni. Tulikwenda soko la dawa, tukaona nge wakavu na pembe na maganda ya machungwa yaliyokaa miaka, nikanunua tangawizi tu. Na mara nyingi tulipita kwenye nyumba ya yule mtoto, aliyekuwa akinenepa, na bibi yake akanifundisha maneno yasiyo na bei ndani yake: mvua, tamu, umekula, nimepotea. Niliandika karatasi upya. Kila mahali niliandika idadi ya ngazi. Pale ambapo nilikuwa sijafika, niliandika hivyohivyo: hapa sijafika.

Mwaka mpya wa Kichina ulipoingia, mji wote ulifunga. Maduka ya Guangyuan yalishusha milango, wachukuzi walirudi kwao, na kwa mara ya kwanza fleti yetu haikuwa na mgeni hata mmoja. Asubuhi moja nilimkuta Bi Nuru mezani na karatasi yangu mpya, miwani puani, kidole juu ya mstari.

"Hichi kivuko cha mtoni ulichoandika. Umekipanda?"

"Mara tatu, Bi Nuru."

Alivua miwani. "Mie huu mwaka wa tatu niko mji huu. Naijua bei ya kifungo cha kila rangi. Mto sijauona." Akainuka kutafuta viatu vyake. "Nipeleke."

Tulikwenda watatu. Kivuko kilikuwa cha watu wa kawaida, wenye baiskeli na mashada ya maua ya sikukuu na samaki kwenye mifuko ya maji. Bi Nuru alishika chuma cha mbele kwa mikono miwili. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na upepo ulikuwa baridi, na buibui lake lilipeperuka likampiga mzee mmoja usoni, naye mzee akacheka. Tulipofika ng'ambo watu wote walishuka. Yeye hakushuka.

"Turudi?" nikamuuliza.

"Turudi. Halafu tuje tena."

Tulivuka mara nne. Mkata tiketi alituzoea, akaanza kutupungia tukifika. Mara ya tano Bi Nuru alikuwa anaongea bila kukoma, anauliza hiki na kile, mashavu yamemwiva kwa baridi, anaonekana kama msichana aliyetoroka chuoni. Alinyoosha mkono kuelekea ukingo wa mbali, kwenye jengo kuukuu lenye paa la vigae vya kijani na bendera nyekundu ndogondogo zikicheza mbele yake.

"Na lile ni la nini?"

"Sijui, Bi Nuru."

"Hujui?"

"Sijui. Sijawahi kufika."

Alinitazama, akamtazama Mado, kisha akafunga buibui lake vizuri kiunoni. "Basi safari hii," akasema, "kikifika tushuke."